Nyuma ya pakiti: jinsi ya kujua bidhaa imetengenezwa wapi na kiwanda ni cha nani

Ramadhani moja nilinunua boksi la tende, kilo nzima. Upande wa mbele umejaa picha ya minara ya Madina, maandishi ya Kiarabu ya rangi ya dhahabu, na bei iliyochangamka kidogo. Nikiwa nasubiri adhana nikaligeuza. Kwa herufi ndogo kama ufuta paliandikwa kwamba tende zimefungashwa na kampuni fulani, eneo la viwanda, katika mji mwingine kabisa wa nchi nyingine kabisa. Na zao lenyewe lilitoka nchi ya tatu. Kwa maneno hakuna aliyenidanganya, picha ndiyo iliyosema. Tende zilikuwa tamu, sina kesi na mtu. Ila tangu siku ile siweki kitu kwenye kikapu kabla ya kukigeuza.

Watu wengi huuliza "hii ni ya wapi?" kana kwamba ni swali moja. Ni matatu. Imetengenezwa wapi? Jina lililoandikwa mbele ni mali ya nani? Na kampuni yenye kiwanda ni ya nani? Majibu yanaweza kuwa nchi tatu tofauti, na mara nyingi ndivyo yalivyo. Pakiti hulijibu la kwanza, la pili huligusa kidogo, la tatu hailigusi kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia dukani na kumalizikia kwenye rejesta za makampuni. Iwe unataka kuunga mkono kiwanda cha nyumbani, iwe kuna kampuni usiyotaka pesa yako iifikie, au ni udadisi tu, njia ni ileile.

Kwanza: soma nyuma, mbele ni pambo

Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, ambacho kimefuata kanuni za kimataifa za Codex. Kinataka pakiti ioneshe jina la chakula, viambato kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, uzito, tarehe, namba ya bechi, nchi ya asili, na jina pamoja na anwani ya mhusika. Hapo kwenye "mhusika" ndipo panapoteleza: inatosha kuandikwa mtengenezaji, au mfungashaji, au msambazaji, au mwagizaji. Hiyo "au" ndiyo mlango ambao kiwanda halisi hupotelea.

Kwa kuwa lebo nyingi ziko kwa Kiingereza, yashike maneno haya kama yalivyo:

- Manufactured by: huyu ndiye aliyekitengeneza. Jibu zuri kuliko yote.
- Packed by: amefungasha tu. Mchele, chai, sukari na viungo vinaweza kuwa vimetoka mbali vikaingizwa kwenye mifuko hapa.
- Manufactured for au Packed for: jina unaloliona ni la aliyeagiza kazi. Aliyeifanya hatajwi. Bidhaa nyingi zenye jina la supamaketi huandikwa hivi.
- Imported by na Distributed by: huyu ni mtu wa kati. Anwani yake ya Kariakoo au Industrial Area haikuambii chochote kuhusu kiwanda.
- Under licence from au Under authority of: kiwanda ni cha mmoja, jina na kionjo ni vya mwingine.
- Trademark of: huyu ndiye mwenye jina. Maandishi haya huwa madogo kuliko yote na hujificha kwenye mkunjo.

Mfano wa mstari huo wa leseni unao mkononi kila siku. Coca-Cola ya Moshi imejazwa na Bonite Bottlers, ya Mwanza na Nyanza Bottling, ya Dar es Salaam na Coca-Cola Kwanza. Chupa inafanana, jina ni la Atlanta, na wajazaji ni kampuni tatu mbalimbali.

Kuhusu nchi ya asili, kuna kanuni inayowachanganya wengi. Codex inasema chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha asili yake, basi nchi hiyo ya pili ndiyo huhesabiwa kuwa nchi ya asili kwenye lebo. Ngano ya Urusi ikishuka bandarini Dar, ikasagwa, unga wake ni wa Tanzania kwa mujibu wa lebo, na hakuna aliyedanganya. Lakini mchele uliotoka Pakistani na kuhamishwa tu kutoka kiroba cha kilo 50 kwenda mfuko wa kilo 5 haujabadilika kuwa kitu kingine. Ukiona mfuko wa namna hiyo umetaja mfungashaji bila nchi, una haki ya kuuliza.

Pili: barkodi, na ule uongo wa WhatsApp

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe huzunguka kwenye magrupu: "Angalieni namba tatu za mwanzo chini ya mistari myeusi, utajua bidhaa imetengenezwa nchi gani." Si kweli. Nimechoka kulirudia hili kwa shangazi zangu, basi naliandika mara moja.

Namba hizo hutolewa na shirika la GS1 kupitia matawi yake ya kila nchi. 620 ni tawi la Tanzania, 616 Kenya, 600 na 601 Afrika Kusini, 622 Misri, 629 Falme za Kiarabu, 890 India, 690 hadi 699 China, 500 hadi 509 Uingereza. Zinaonesha kampuni ilijisajili tawi gani kupata namba zake. Kampuni yenye makao London inaweza kutengenezea biskuti Mombasa na zikabeba namba ya 50. Mfanyabiashara wa Dar anaweza kuagiza nyanya za kopo kutoka China, akazipa jina lake na namba ya 620. Barkodi ni kama namba ya simu: kujua ni ya Tanzania hakukwambii mpigaji yuko wapi.

Pamoja na hayo, usiidharau. GS1 wana huduma ya bure mtandaoni iitwayo Verified by GS1. Ingiza tarakimu zote 13 na utapewa jina la kampuni iliyosajili namba hiyo. Jina hilo ni uzi mzuri wa kuanzia kuvuta, hasa pale ambapo pakiti imetaja msambazaji peke yake. Ipo pia programu ya Open Food Facts, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2012 na inajazwa na watu wa kujitolea. Unaelekeza kamera kwenye mistari, inakuletea ilichonacho. Bidhaa za kwetu bado ni chache humo, kwa hiyo ikikujibu "haipo" usishangae.

Namba inayoanza na 20 hadi 29 ni ya ndani ya duka. Ndiyo ile stika wanayobandika baada ya kukupimia nyama au jibini. Nje ya duka hilo haina maana yoyote.

Tatu: alama ndogo zinazosema ukweli

Hizi nazipenda kuliko barkodi kwa sababu hutolewa na mamlaka zinazofuatilia kiwanda chenyewe.

Siagi, jibini na bidhaa nyingine za maziwa au nyama kutoka Umoja wa Ulaya huwa na umbo la yai lenye herufi za nchi juu, namba katikati, na herufi za Umoja chini. IE ni Ayalandi, NL Uholanzi, FR Ufaransa. Namba ya katikati ni ya kiwanda kilichoidhinishwa, na orodha za viwanda hivyo ziko wazi mtandaoni. Unaweza kukuta jibini lenye jina la Kiitaliano na yai la DE, yaani lilifungashwa Ujerumani.

Bidhaa za India hubeba nembo ya FSSAI na leseni ya tarakimu 14. Zikiwa leseni mbili au tatu kwenye pakiti moja, kampuni inatumia viwanda zaidi ya kimoja. Hapo tafuta sentensi inayosema utazame herufi ya kwanza ya bechi: A ni kiwanda fulani, B kingine. Kisha nenda pale palipogongwa tarehe. Kampuni kubwa nyingi hutumia mtindo huu, na ni watu wachache mno wanaosoma mpaka pale.

Hapa nyumbani tuna alama ya ubora ya TBS, shirika letu la viwango, na Kenya wana ile Standardization Mark ya KEBS, shirika lao. Ukiona TZS, KS au EAS na namba mbele yake, hiyo ni namba ya kiwango cha bidhaa, haikutajii kiwanda. Kinachotaja kiwanda ni namba ya kibali. Kenya ni rahisi: andika SM#, ifuatishe namba iliyo chini ya alama hiyo, tuma kwenda 20023, utajibiwa jina la kampuni na bidhaa iliyoruhusiwa. Jina likiwa tofauti na la kwenye pakiti, rudisha bidhaa. Vilivyotoka nje hubeba stika ya ISM badala ya alama hiyo, na hilo peke yake linatosha kukuambia kimeingia kwa meli au lori hata kama jina lake ni la Kiswahili fasaha.

Kwa vinywaji vyenye stempu ya kodi, Tanzania kuna programu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu na Kenya kuna Soma Label ya KRA. Piga picha ya stempu, soma jina la mzalishaji au mwagizaji, endelea na safari yako.

Nne: jina la mbele lisikupeleke

Mfano ninaoupenda ni Kilimanjaro. Maji ya Kilimanjaro ni ya Bonite Bottlers wa Moshi, kampuni ya kundi la IPP lililoanzishwa na marehemu Reginald Mengi. Bia ya Kilimanjaro ni ya TBL (Tanzania Breweries), ambayo tangu 2016 iko chini ya AB InBev ya Ubelgiji. Mlima mmoja, wenye mali wawili wasiohusiana. Jina la mlima, mto au mnyama halina mwenyewe.

Upande wa pili, majina mengi yanaweza kuwa na mwenyewe mmoja. Simama mbele ya friji la maziwa Nairobi: Ilara, Tuzo, Delamere, Molo, Brookside. Unajiona una uchaguzi mpana. Zote ni za Brookside, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta, iliyozinunua nyingine moja baada ya nyingine. Mwaka 2014 Danone ya Ufaransa nayo ikachukua asilimia 40 ya Brookside yenyewe.

Halafu kuna majina yaliyohama mikono huku kopo likibaki vilevile. Kimbo, ambayo bibi zetu waliijua kama mali ya Unilever, ni ya Bidco wa Thika tangu 2002. Weetabix inaokwa Nairobi, jina lake ni la Kiingereza, lakini hadi 2017 mwenye kampuni mama alikuwa Bright Food ya Shanghai, na sasa ni Post Holdings ya Marekani. Cadbury nayo iliacha kuzalisha Nairobi mwaka 2014, bidhaa zikaanza kuletwa kutoka Misri. Mnywaji wa kakao yake asubuhi hakuona tofauti yoyote.

Kidokezo kimoja cha kienyeji: sanduku la posta. Pakiti mbili za majina tofauti zikiwa na S.L.P. ileile, au kiwanja kilekile kwenye barabara ileile ya viwanda, kuna uwezekano mkubwa ni za nyumba moja. Siyo ushahidi, ila mimi hunipa pa kuanzia mara nyingi kuliko tovuti za kampuni zenyewe, ambazo ukurasa wa "Kuhusu Sisi" hujaa tabasamu na kupungukiwa majina.

Tano: panda ngazi mpaka kwa mwenye mali

Sasa una jina la kampuni. Liandike kamili pamoja na ule mkia wake, Limited au PLC, maana herufi moja ikikosewa unapata kampuni nyingine.

Kampuni ikiwa kwenye soko la hisa, kazi imerahisika. Soko la Dar es Salaam, DSE, na la Nairobi, NSE, hutaka ripoti ya mwaka itolewe kwa umma, na nyuma kabisa ya ripoti huwa na orodha ya wanahisa wakubwa. Chukua Unga Group ya Nairobi, wenye unga wa Jogoo. Ripoti yake inakuonesha jambo ambalo pakiti haitakuambia kamwe: kampuni inayofanya biashara yenyewe, Unga Holdings, asilimia 35 ni ya Seaboard ya Marekani.

Kama haiko kwenye soko la hisa, nenda kwenye rejesta. Tanzania Bara ni BRELA, kwa mfumo wao wa mtandaoni: kujua kama jina lipo ni rahisi, lakini kupata majina ya wanahisa na wakurugenzi unaomba upekuzi rasmi na kulipa ada. Zanzibar wana rejesta yao, BPRA, na kampuni iliyosajiliwa kule hutaikuta BRELA. Wengi hukwama hapo na kudhani kampuni ni hewa. Kenya unaingia eCitizen, kitengo cha BRS, na kuomba hati iitwayo CR12, inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa kwa idadi ya hisa. Uganda ni URSB.

Mwanahisa akiwa mtu, umefika. Akiwa kampuni nyingine, unapanda tena. Kampuni mama ikiwa Uingereza furahi, kwa sababu rejesta ya Companies House ni bure na tangu 2016 hutaja watu wenye mamlaka makubwa juu ya kampuni. Ikiwa Mauritius au kwenye eneo huru la Dubai, hapo ukuta ni mrefu. Mara nyingi unabaki na jina la kampuni bila la mtu. Andika ulipofika, usibuni.

Tuipande ngazi moja pamoja. Mfuko wa kilo moja, Bwana Sukari. Nyuma: Kilombero Sugar Company, Kidatu, Morogoro. Miwa imelimwa kule kule, sehemu yake kwenye mashamba ya kampuni na sehemu na maelfu ya wakulima wa nje, na viwanda viko pande mbili za mto Ruaha. Swali la kwanza limekwisha: hii ni sukari ya Tanzania bila ubishi.

Wenye kampuni? Ilibinafsishwa 1998. Serikali imebaki na asilimia 25, zile 75 ni za Illovo, yenye makao Afrika Kusini. Panda. Illovo ilinunuliwa nusu na zaidi na Associated British Foods ya London mwaka 2006, na 2016 wakamalizia hisa zilizobaki. ABF ndio hao hao wenye chai ya Twinings, Ovaltine na maduka ya nguo ya Primark. Panda. ABF iko kwenye soko la hisa la London, lakini zaidi ya nusu ya hisa zake zimeshikwa na kampuni moja ya familia ya Weston, Wittington Investments. Panda mara ya mwisho: asilimia 79 hivi ya Wittington ni ya mfuko wa hisani, Garfield Weston Foundation, unaotoa misaada Uingereza.

Kwa hiyo ukikoroga chai yako, senti fulani ya faida inaingia Hazina Dodoma, na nyingine inaweza kuishia kwenye ukarabati wa kanisa au makumbusho huko Uingereza. Miwa ni ya Kidatu, mshahara wa mkatamiwa ni wa Kidatu. Je, ni "bidhaa ya nyumbani"? Mimi naiita hivyo, kwa sababu kwangu kazi na shamba vina uzito kuliko hisa. Jirani yangu anasema hapana. Tumebishana vibarazani mpaka kahawa ikaisha.

Vitu visivyo na lebo

Nusu ya manunuzi ya kweli ya kwetu hayana pakiti: unga wa kupima, maharage, mafuta ya kwenye chupa, sukari ya robo. Hapa mwongozo ni mdomo wako.

"Mangi, naomba nione gunia lake."

"La nini tena, dada? Sukari ni sukari."

"Nataka nisome tu."

Atakuona msumbufu, lakini atalivuta. Tazama maandishi ya gunia, halafu tazama mdomoni lilikoshonwa: viwanda vingi hushonea kikaratasi chenye tarehe na bechi. Kama gunia limeshonwa upya kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, limeshafunguliwa mahali, na kilichomo kinaweza kisiwe kilichoandikwa. Kwa mchele mambo ni magumu zaidi, kwani kila muuzaji ana "Kyela" na kila muuzaji Nairobi ana "pishori ya Mwea", na mashamba ya huko hayana ukubwa wa kulisha madai yote hayo. Pika kikombe kimoja kwanza.

Weka kumbukumbu, na uandike tarehe

Ukishahangaika na bidhaa kumi au kumi na tano unazonunua kila mwezi, kazi kubwa imekwisha, kwa sababu kikapu cha nyumba hakibadiliki sana. Mimi nina ukurasa mmoja kwenye simu: jina la bidhaa, kiwanda, mwenye jina, mwenye kampuni, na mwezi niliohakiki. Tarehe ndiyo muhimu, maana wenye mali huuziana bila kumwambia mlaji. Mstari wa Blue Band nimeshaufuta mara mbili. Kwanza niliandika Unilever. Mwaka 2018 biashara hiyo ya siagi za mimea ikauzwa kwa KKR, wawekezaji wa New York, kampuni ikaitwa Upfield, nami nikaandika Upfield. Mwaka 2024 wakajibadilisha jina tena, sasa ni Flora Food Group. Kopo lenyewe lipo kabatini, la njano na bluu, kama lilivyokuwa nilipokuwa darasa la tatu.